Nodi mbili, zote masta? Mkuu, simama hapohapo

Mkuu, usiwashe kitu kwanza. Umesema una mashine (nodi) mbili, Elasticsearch 6.8, ile programu ya kutafutia hati, zote zinaruhusiwa kuwa masta, yaani kiongozi wa kundi, replika (nakala ya ziada) moja kwa kila shadi (kipande cha data), na discovery.zen.minimum_master_nodes, idadi ya kura zinazotakiwa ili kumpata masta, umeiacha 1 "ili moja ikizima nyingine iendelee na kazi". Hiyo sentensi niliwahi kuiandika mimi kwenye ripoti, karibu neno kwa neno. Ilinila siku tisa za kujenga indeksi (ghala la hati zinazotafutwa) upya, na kuna data haijarudi mpaka leo.

Na sikujitungia. Kuna mshauri tulimlipa, jina lake nalimeza, akatuchorea maboksi mawili na mshale katikati, akasema "data iko kamili pande zote, laleni usingizi". Tukalala kweli. Yeye alichukua chake akaondoka, na siku hizi simu yangu haipokei. Lakini niwe mkweli: kila nodi ilipowaka, logi ilitoa onyo kwamba hiyo namba ni ndogo mno na unaweza kupoteza data. Nililisoma. Nikasema mashine nazo zimezidi kulalamika.

Siku yenyewe, swichi ya mtandao iliyokuwa kati ya mashine zetu mbili, A na B, ilizimwa ikawashwa, kama dakika tatu hivi. Kila nodi ikamtafuta mwenzake, kimya. Ikajihesabu: kura ninazo ngapi? Moja. Zinatakiwa ngapi? Moja. Basi masta ni mimi. Replika zilizokuwa B zikapandishwa cheo zikawa shadi kuu, na za A vilevile. Swichi iliporudi, zenyewe hazikurudiana, maana kila moja ilishamfuta mwenzake kwenye orodha. Fahali wawili hawakai zizi moja, sawa, ila hawa walijipatia kila mmoja zizi lake, na programu yetu ikawa inawagawia ng'ombe kwa zamu: hati hii kwa A, inayofuata kwa B.

Kwa saa 11 nzima hakuna aliyeshtuka. Hali ya klasta (kundi la nodi) ilikuwa njano kote kuwili, yaani data ipo ila replika hazipo, nami nikasema njano si nyekundu. Kisha mtumiaji mmoja akaandika kwamba akitafuta neno lilelile anapata majibu 412, akibonyeza tena 397, akibonyeza tena 412. Nikamjibu asafishe kache ya kivinjari chake. Nilimwomba radhi baadaye.

Ndipo nikapiga _cat/nodes, ombi la kuorodhesha nodi, kwenye A. Mstari mmoja: jina la A, nyota ya masta pembeni. Nikapiga kwenye B. Mstari mmoja: jina la B, nyota pembeni. Nikachukua hati moja nikaifungua kote kuwili: kitambulisho kilekile, toleo la 7 huku, toleo la 7 kule, maneno ya ndani tofauti kabisa. Jasho likanitoka.

Mpaka hapo bado palikuwa na pa kushika. Kilichotuua ni mkono wangu. Niliristati B. B ikawaka, ikamkuta A ni masta, ikajiunga kwa adabu zote, na A akaishushia nakala zake juu ya zile B ilizokuwa nazo. Dakika chache, kijani. Nikapiga makofi pale kwenye kiti, peke yangu. Nilikuwa nashangilia saa 11 za maandishi ya B zikifutika.

Nilichopaswa kufanya: kuzuia programu isiandike popote, kuzima nodi zote mbili, kunakili folda ya data ya B na kuiweka kando, kisha kuiwasha ile nakala mahali ambapo A haionekani na kutoa hati zake moja moja nizilinganishe na za A. Kazi ya kuchosha, lakini kila kitu kingekuwepo. Badala yake nyingi tulizivuta upya kutoka hifadhidata, ila lebo ambazo watumiaji walikuwa wanaziandika moja kwa moja kwenye indeksi hazikuwa na chanzo kingine. Nani aliruhusu lebo zikae kwenye indeksi tu? Tusifike huko.

Kwa hiyo: masta WATATU. Sitaki kusikia mawili na nusu. Hesabu ni hii: chukua idadi ya nodi zinazoweza kuwa masta, gawa kwa mbili, tupa nusu, ongeza moja. Kwa tatu unapata 2. Kwa mbili pia unapata 2, yaani ukiweka namba sahihi kwenye nodi mbili, moja ikizima klasta nzima inagoma kuandika. Watu wanaona hivyo, wanairudisha 1, halafu wanakuja kulia kama mimi. Ya tatu haihitaji kuwa kubwa. Weka node.master: true na node.data: false, haitabeba hata hati moja, kazi yake ni kura tu. Ila isiwe mashine pepe ndani ya chuma kilekile kilichobeba A, maana kikizima zinaondoka kura mbili kwa mpigo.

Na usiniambie utapandisha toleo. Toleo la 7 lililotoka 2019 liliondoa hiyo setingi, linajipangia akidi (idadi ya kura zinazotosha) lenyewe, lakini ukiwa na nodi mbili linamwachia mmoja tu kura. Akizima huyo, umekwama. Nimeona pia mtu kajaza cluster.initial_master_nodes, orodha ya masta wa kuanzia, kila mashine kwa jina lake yenyewe, akapata klasta mbili tangu siku ya kwanza, hata swichi haikuhitaji kuzima.

Rsync uliyouliza, ya kunakili folda ya data kutoka mashine moja kwenda nyingine zikiwa kazini, achana nayo. Lucene, injini iliyo ndani ya Elasticsearch, inaunganisha segimenti (mafaili ya vipande vya indeksi) na kufuta za zamani huku wewe unanakili, unaishia na orodha inayotaja faili ambalo halipo. Replika za Elasticsearch zinatosha.

Ukishaongeza ya tatu, weka namba iwe 2 kwenye zote, kisha piga _cat/nodes kwenye kila mashine. Mistari mitatu, nyota moja, jina lilelile kote. Ukiona nyota imehamia jina jingine kwenye mashine mojawapo, zuia maandishi kwanza, na hicho kitufe cha kuristati ukae nacho mbali.