Kabla hujang'oa bomba la karavani, sikiliza pampu

Wadogo zangu mnaoanza kazi, salamu.

Karavani, yale magari-nyumba ya watalii, zinazoingia kwa mpaka wa Horohoro zikielekea Pangani zinatupitia hapa Tanga na ugonjwa ule ule: bomba la sinki la jikoni linapiga kelele na maji yanatoka kidogo. Na kila nikigeuka namkuta mmoja wenu kichwa kimezama kabatini, miguu nje, bomba limeshang'olewa. Nikiuliza tatizo nini, naambiwa, "Bomba baya, bro." Bomba la watu limelaaniwa na hakuna aliyelijaribu! Naandika haya kwa sababu nawapenda na kwa sababu mnanitia hasara. Wiki hii zaidi ni kwa sababu hiyo ya pili.

1. Karavani siyo nyumba ya Chumbageni. Nyumbani maji yanatoka bwawa la Mabayani, au yanashuka kutoka tenki la juu, ukifungua koki huna haja ya kuwaza pampu. Kwenye karavani tenki liko chini, na maji yanapandishwa na kipampu cha volti 12 chenye swichi ya presha. Ukifungua koki presha inashuka, pampu inawaka. Ukifunga, presha inapanda mpaka kikomo chake, baadhi ni psi 45 hadi 55, pampu inajizima. Haya mnayajua, mkiulizwa mnayataja kama mashairi. Mkishika spana yanayeyuka.

2. Fungua koki zote, moja moja: sinki, bafu, baridi, moto. Ikisumbua ya sinki peke yake, ugonjwa uko kwenye sinki. Zikisumbua zote, rudi kwenye pampu. Ikiwa ni maji ya moto tu, tazama valvu za hita. Wenyewe huzigeuza kabla ya baridi ya kwao ili maji yasipite kwenye hita, kisha wanasahau kuzirudisha. Na kama maji ni haba wakati gari limeunganishwa kwa mpira na maji ya mji, lakini kwa pampu yanatoka vizuri, mshitakiwa ni regyuleta, yaani kipunguza presha, au kile kichujio cha kwenye mdomo wa kuingizia maji.

3. Sikiliza. Zima redio, mwambie mwenzako anyamaze. Koki iko wazi mpaka mwisho na pampu inawaka na kuzima, ta-ta-ta-ta? Pampu ni nzima, mbele ndiko kulikoziba: presha inajaa upesi, swichi inakata, presha inashuka, inawasha tena. Pampu inanguruma mfululizo na maji yanakuja kwa kutema hewa? Shida iko nyuma ya pampu: tenki limekauka, chujio la pampu limejaa uchafu, au klipu ya hozi ya kuvutia imelegea. Hapo usipapase kutafuta unyevu, maana pale hewa inaingia, maji hayatoki. Mluzi wa bomba lenyewe koki ikiwa nusu ni washa iliyolegea au katriji, ule moyo wa koki, iliyochakaa. Na ukisikia kabati zima linatetema, huenda ni pampu tu iliyofungwa juu ya plaiwudi bila raba, au bomba linalogonga mbao. Weka hozi laini kila upande wa pampu, fungia sponji panapogusana, kazi imekwisha.

4. Skrubu ya swichi ya presha muiache. Juzi nimemwona mmoja anaitafuta kwa bisibisi, nikahisi tumbo linanikata.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kushika magari haya. Mzee mmoja wa Kiholanzi na mkewe walikuwa wameegesha Raskazone. Bomba lao lilikuwa lile ambalo kichwa kinavutika nje pamoja na hozi yake. Sinkini maji haba, pampu ta-ta-ta-ta, bafuni maji tele. Yaani yote niliyowaandikia hapo juu yalipangwa mbele ya macho yangu. Nilifungua chujio la mdomoni mwa bomba, pale maji yanapotokea, nikalikuta safi, nikahesabu kwamba upande wa sinki nimeumaliza. Nikaihukumu pampu: imechoka, inajizima mapema. Mzee akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Lakini bafu maji mingi?" Nikamjibu kwa maneno ya kifundi ili asinielewe. Msicheke, na nyie mnafanya hivyo.

Nikakaza skrubu. Maji yakaongezeka kidogo, nikafurahi, nikakaza tena. Kelele ikazidi, nikasema hiyo ndiyo presha. Nikapokea hela yangu, nikawaambia nendeni mkaogelee, pampu nikaiacha imewashwa.

Nyuma ya friji kulikuwa na elbo, kiungo cha kona, ya plastiki ambayo nati yake haikukazwa sawasawa tangu mwanzo. Kwa presha ya zamani ilivumilia. Kwa presha yangu ikachomoka. Na pampu haijui kama maji yanakwenda sinkini au kwenye zulia. Presha imeshuka, yenyewe inasukuma. Ilisukuma tenki lote. Tuliporudi, maji yalikuwa yanashuka ngazi za mlango. Sakafu ilikuwa imevimba, droo za chini hazivutiki. Yule mama alitoa daftari lake la safari chini ya kitanda, wino wa bluu umesambaa, akakaa juani anatenganisha kurasa zilizogandana kwa ncha ya kisu cha siagi, moja moja, na kila moja anaipuliza. Mimi nadeki.

Wakati nadeki, mzee akakifungua kile kichwa kwa mkono, pale kinapoungana na hozi. Ndani ya maungio, juu ya washa, kulikuwa na kichujio cha pili. Kimeziba na unga mweupe na vinyweleo vya plastiki. Huko walikotoka walibadilishiwa bomba la kuanzia kwenye pampu, fundi akalikata kwa msumeno wa chuma, akaliunga bila kulisafisha. Mzee akakisuuza, akakirudisha, akarudisha na skrubu yangu ilipokuwa, akafungua koki. Maji yakaja kimya. Akanitazama, hakusema kitu, akanipa tena dekio.

Gharama za mbao nililipa mimi. Nao walikwama Tanga wakisubiri sakafu ikauke, na kila aliyewapita akawaambia ule msemo wetu wa Tanga, "waja leo waondoka leo", huku akicheka.

5. Kwa hiyo bomba la kuvutika lina vichujio viwili. Hozi yake nayo ikague isijikunje chini ya sinki. Ukikata bomba tumia mkasi wa bomba, na utiririshe maji kwenye ndoo kabla hujaunga koki. Ukiondoka, zima pampu, hata kama unakwenda kununua sigara.

6. Chokaa. Wageni wanajaza tenki popote, na maji ya visima vya pwani hii mengi yanapita kwenye mawe ya chokaa, ya aina ya yale ya mapango ya Amboni. Chujio likiwa na magamba meupe, liloweke kwenye siki, usilichokonoe kwa pini ukatanua matundu.

7. Pampu ikizunguka kwa uvivu, sauti nzito, usiseme imekufa. Pima volti kwenye nyaya zake ikiwa inazunguka, kisha pima kwenye betri. Ukikuta pungufu ya zaidi ya volti moja, fuata waya, fyuzi, na hasa waya wa ethi, maana chumvi ya bahari inazila hizo tamino, ncha za kuungia waya. Mtapimia mita yangu, ambayo mmoja wenu anayo tangu Idi. Iletwe kesho asubuhi, na pini zake zote mbili.