Kabla hujakubali cheo, soma majukumu

Tangazo la kazi likitoka watu wanasoma jina la cheo na mshahara basi, yale majukumu kule chini wanapitisha macho tu. Mi nasema anza na kule chini. Cheo utakitaja kwenye vikao vya harusi, ila majukumu ndo utaamka nayo kila siku ya Mungu.

Mimi ni afisa mikopo, nashinda juani na pikipiki kwa vikundi vya kina mama na wenye maduka. Waliponiambia niwe meneja wa tawi nikakataa, shangazi akauliza kama nimerogwa 😂 Ila ile kazi nilishaikaimu bosi alipoenda likizo, nikaona ni ripoti za Excel, vikao na makao makuu, kusuluhisha keshia na mlinzi, jioni inafika sijaongea na mteja hata mmoja. Na mimi nguvu yangu iko hukohuko kwa wateja, nikiingia dukani kwa mtu naangalia shelfu zilivyokaa najua kabisa huyu rejesho la mwezi ujao litamsumbua. Sasa hicho kipaji nikakifungie ofisini kwa ajili ya kibao mlangoni?

Kwa hiyo bosi wako akienda likizo (sheria yetu Tanzania inampa siku 28) omba umkaimu, hapo utaijua kazi kuliko kuhadithiwa.

Halafu piga hesabu. Tuseme wanakuongeza laki tatu na mshahara wako ulishavuka milioni na laki mbili. NSSF (mfuko wa pensheni) wanachukua asilimia 10, elfu 30 hiyo. Inayobaki inakatwa PAYE (kodi ya mshahara) asilimia 30, elfu 81. Kama bado unadaiwa na bodi ya mikopo ya wanafunzi, asilimia 15 ya hiyo laki tatu yote, elfu 45 nyingine. Mkononi inaingia 144,000, na simu za usiku juu.

Sisemi vyeo vyote vikimbiwe, kuna watu kupanga wenzao na kukaa na ripoti ndo raha yao, hao wapeni hata leo. We jiulize tu kazini watu wanakufuata wewe kwa shida gani, jibu liko hapo.

Na usikatae kavukavu. Mimi niliomba niongezewe wateja wakubwa na kamisheni ipande, hilo wakakubali. Hela ya mafuta bado tunavutana.