Re: Bei ya mnada na hela niliyopata havilingani, nirudi kwa kangomba?

Pole, ndugu wa Newala. Gunia tano za korosho umepeleka AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), benki imeingia pungufu ya bei ya mnada, sasa unawaza kurudi kwa kangomba, yaani wachuuzi wanaonunua kwa bakuli nje ya chama. Hasira lazima.

Kwanza, bei ya mnada siyo yako yote. Hukatwa ushuru wa halmashauri, gharama za chama cha msingi na chama kikuu (muungano wa vyama vya msingi), ghala na usafiri. Nenda chamani na stakabadhi yako ya mzani, waambie wakuoneshe mchanganuo wa makato ya mnada ule ule ulioingia korosho zako. Ni haki yako kama mwanachama. Linganisha mambo matatu: kilo, daraja, namba ya akaunti. Tarakimu moja ikikosewa, hela hukwama au huingia kwa mwingine.

Kilo zikipungua, angalia ukaushaji. Korosho mbichi hunyauka ghalani na upotevu huo huzua ugomvi kati ya chama na mwenye ghala. Anika juani siku mbili tatu, ukizitikisa zilie kavu. Weka kwenye gunia za katani. Kwenye viroba hutoka jasho na kuota ukungu.

Mzani usipoanzia sifuri, usikubali kupima. Na usiondoke bila karatasi!

Wakikuzungusha, andika barua kwa bodi ya chama, nakala kwa afisa ushirika wa wilaya. Wizi ukionekana wazi, nenda TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa.

Kangomba usirudi, nakuomba. Ni kinyume cha sheria, na bakuli lake linazidi kilo. Hasara hiyo haina hata pa kuilalamikia, wakati kwenye chama una kura ya kumng'oa mwenyekiti mkutano mkuu ukiitishwa.