Bei yetu ndo ilikuwa ya chini, mbona tenda kachukua mwingine?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Tuna kampuni ya usafi wa maofisi, tuliomba tenda kwenye taasisi moja ya serikali, mkataba wa miaka miwili. Bahasha za bei zilipofunguliwa mi nilikuwepo, yetu ndo ya chini kabisa. Juzi imekuja barua eti tumekosa, aliyeshinda ametuzidi bei kwa asilimia 20. Ufundi sisi tumepata 82 yeye 90, na sababu walioandika ni wasimamizi wetu hawana cheti cha kushughulikia kemikali. Nyaraka ya zabuni nimeisoma mara tatu, hicho cheti hakimo! Inasema tu ufundi 80 bei 20. Mwenzangu anasema tutulie kwanza tutafute miadi na mkurugenzi. Je tuna kesi?
*Mzabuni aliyechoka*

JIBU: Kesi mnaweza kuwa nayo ndugu yangu, ila siyo hiyo ya bei.

Bei iache kabisa, na kwenye malalamiko usiipe hata aya moja. Tenda za huduma mara nyingi hazishindwi kwa bei peke yake, na nyie nyaraka imewaambia mapema kwamba ufundi ni 80. Nimewapigia hesabu kwa njia iliyozoeleka, ile ya bei ya chini kupata 100, na kila mwingine kupata bei ya chini gawanya kwa bei yake mara 100 (angalia kama nyaraka yenu inatumia hiyo hiyo). Tufanye bei yenu ni 100, yake 120. Nyie mna 65.6 za ufundi na 20 za bei, jumla 85.6. Yeye ana 72 za ufundi na 16.7 za bei, jumla 88.7. Amewapita kihalali kwa namba walizoandika. Ingekuwa nusu kwa nusu mngemshinda 91 kwa 86.7, lakini haikuwa nusu kwa nusu na mliingia mkijua.

Sasa cheti. Hapa ndo pa kukaa. Karibu kila mahali penye sheria ya manunuzi ya umma kanuni ni moja, mzabuni apimwe kwa vigezo vilivyoandikwa kwenye nyaraka, siyo vya kuzuka mezani. Kuna kesi moja ya Ugiriki huwa naipenda, mji wa Alexandroupolis ulitaka washauri wa mipango miji, nyaraka ikataja uzoefu, watu na vifaa, na uwezo wa kumaliza kazi kwa wakati, bila kusema kila kimoja kina uzito gani. Kamati ikaja kujipangia uzito wa asilimia 60, 20 na 20 wakati zabuni zimeshapokelewa. Mahakama ya Haki ya Ulaya Januari 2008 ikasema hapana, huwezi kupanga uzito nyuma ya mlango halafu ukawapimia watu ambao hawakuujua.

Ila usishangilie bado, manake wenzio nao wana majibu. Watasema cheti kimo ndani ya kigezo cha “sifa za wasimamizi”. Na hilo jibu wakati mwingine linapita, kule Marekani ofisi ya GAO inayosikiliza malalamiko ya zabuni inakubali taasisi iangalie jambo ambalo halikutajwa kwa jina ilimradi linaingia kwa mantiki kwenye kigezo kilichotajwa. Kwa hiyo rudi usome mara ya nne, safari hii mstari wa wasimamizi peke yake. Kama mstari unasema “uzoefu wa miaka mitatu” na basi, una nguvu. Kama unasema “mafunzo yanayohusiana na kazi”, jasho litakutoka.

Halafu kuna kitu wengi wanakisahau, onyesha kosa limekuumiza. Kuwakuta wamekosea haitoshi. Kwenu hesabu ni tamu kidogo: kama cheti kiliwakata alama 4 tu za ufundi, mngekuwa na 86, jumla ingefika 88.8 na yeye yuko 88.7. Kwa hiyo kabla ya chochote andika barua leo kuomba maelezo ya alama zenu kigezo kwa kigezo. Kama walikata 2, yani hata mkishinda hoja tenda ni yake.

Na msiombe bodi ya mapitio, ile inayosikiliza malalamiko ya zabuni, iwape alama upya. Haifanyi hiyo kazi. Inaangalia kama kamati ilifuata vigezo vyake na kama ina sababu zinazoeleweka, ukisema tu “sisi ni wazuri kuliko walivyotuona” wanakufungia faili. Habari za kupeana kitu kidogo kama huna ushahidi zisiwemo, zinaharibu hoja nzuri.

Miadi na mkurugenzi mwambie mwenzako aiache, siku zinahesabiwa na haziwasubiri. Kenya, kwa sheria ya 2015, una siku 14 kufika bodi ya mapitio, nayo inaamua ndani ya siku 21. GAO kwa kawaida ni siku 10 tangu ulipojua kosa, na uamuzi ndani ya siku 100. Ulaya barua ya matokeo ikitumwa kielektroniki mkataba usisainiwe kabla siku 10 hazijapita. Kwenu ni siku ngapi angalia kwenye sheria yenu, au kwenye barua yenyewe, mara nyingi wanaandika chini kwa herufi ndogo.

SWALI: Mimi niko upande wa pili, nakaa kwenye kamati ya tathmini. Mzabuni mmoja tulimpa 9, 8 na 3. Mwenyekiti akasema “tuweke 8 tumalize”, tukasaini. Kuna shida?
*Mjumbe*

JIBU: Kujadiliana mkafika alama moja siyo kosa dada, au kaka, hukusema. Shida ni karatasi. Aliyetoa 3 aliona nini na kwa nini alibadili? Kama jibu halipo kwenye faili la siku ile, siku ya malalamiko mtaanza kulitunga, na maelezo yaliyotungwa baada ya kushtakiwa hayabebi uzito kama ya siku ya kikao. Na kama huyu mlimpa 8 na mwingine mwenye udhaifu ule ule mlimpa 4, hapo ndo mnakamatwa. Kuwapima watu kwa mizani mbili ni hoja ambayo mlalamikaji yeyote mwenye akili anaitafuta kwanza.

SWALI: Nyaraka ya tenda ya ulinzi inataka “uzoefu wa kutosha” bila kusema miaka mingapi. Tuombe tu, tukikosa ndo tulalamike?
*Mlinzi*

JIBU: Hapana, utakuwa umechelewa. Kasoro unayoiona kwenye nyaraka yenyewe ilalamikie kabla muda wa kupokea zabuni haujafungwa, GAO ndo inavyotaka na wengine wengi wako hivyo hivyo. Ukiomba huku umenyamaza wanahesabu umeikubali. Anza na barua ya kuomba ufafanuzi, waulize miaka mingapi na mikataba ya ukubwa gani, na tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa.