Barua kwa Mwanangu: Vitabu vya Mtoto Anayechana Michoro

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unauliza umnunulie mjukuu wangu vitabu gani, hadithi za kihistoria au vya sanaa, maana katimiza miaka kumi na kila mchoro ukimharibikia anauchana na kuapa hatachora tena. (Hilo karithi kwako, lakini tuyaache.)

Nunua vyote, ila kabla hujalipa fungua katikati. Mwanzo na mwisho wa vitabu hivi hufanana: mtoto ana kipaji, halafu anashangiliwa. Kama miaka yote ya kuhangaika imemalizwa kwa "alijitahidi akafaulu", kirudishe rafuni. Mtoto wako anajua kwamba watu hushinda. Asichokijua ni jinsi siku ya kuharibikiwa inavyopita.

Mtafutie habari za Horace Pippin, Mmarekani mweusi aliyepigwa risasi begani mwaka 1918, kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Mkono wa kulia haukupona sawasawa. Alianza kwa kuunguza picha kwenye mbao kwa chuma cha moto, kisha akashika brashi kwa mkono uleule mbovu, wa kushoto ukiubeba. Picha yake ya kwanza ya rangi ya mafuta, ya vita vinavyokwisha, ilimchukua kama miaka mitatu, rangi juu ya rangi mpaka ikavimba. Kitabu kitakachoipa mikono hiyo miwili ukurasa mzima, hicho chukua bila kuuliza bei.

Vya Michelangelo, mchoraji wa Italia wa zamani, vikague. Vipo vinavyomchora amelala chali akipaka rangi dari la Kikanisa cha Sistina, kule Vatikani. Alisimama, shingo kaikunja nyuma, kati ya 1508 na 1512, na akaandika shairi la kulalamika jinsi rangi inavyomdondokea usoni. Mimi shairi hilo nalipenda kuliko sifa zake zote. Tunawaficha watoto manung'uniko ya wakubwa, nao wakinung'unika wanadhani ndiyo basi tena.

Kwa hadithi za kihistoria, tazama kurasa za mwisho kama mwandishi ametenga yaliyotokea na aliyoyabuni. Mwenye miaka kumi atauliza, na wewe hutakuwa na jibu.

Halafu kuna Matisse, mchoraji Mfaransa. Mwaka 1941 alipasuliwa tumbo, na baada ya hapo kusimama kupaka rangi kukawa kazi nzito. Akachukua mkasi, akawa anakata karatasi zilizopakwa rangi, yuko kitini au kitandani, na vipande vinabandikwa ukutani. Mwaka 1947 kikatoka kitabu kizima cha picha za namna hiyo.

Kwa hiyo michoro anayoichana usiitupe. Vipande vitie kwenye bahasha, hata vile vidogo vya pembeni. Nikija nitabeba gundi.

Mama yako