Ukinunua laptopu iliyotumika, soma namba nzima ya prosesa

Niliwahi kununua laptopu iliyotumika kwa sababu moja tu: stika yake iliandikwa i7, daraja la juu kuliko i5 kwenye prosesa za Intel (prosesa ni chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta). Rafiki yangu alichukua ya i5, nami nikajiona nimelamba dume. Siku tulipohariri video ileile, yake ilimaliza mapema. Yangu feni ilikuwa inavuma tu, kazi haisogei.

Tukabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka Task Manager ya Windows, tukasoma majina kamili ya prosesa. Yangu: i7-7500U, gigahezi 2.7 (mapigo ya saa ya prosesa, kwa mabilioni kila sekunde), viini viwili (kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi yake yenyewe). Yake: i5-8250U, gigahezi 1.6, viini vinne. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Yangu ni ya 7, yake ya 8, na hapo katikati, mwaka 2017, Intel iliongeza viini vya laptopu nyepesi kutoka viwili hadi vinne. Hilo sikulijua, na liliniuma sana.

Lakini ukoo huu wa prosesa za Intel una historia ya namna hiyo. Ulianza na 8086 mwaka 1978, ikiwa na transista (swichi ndogo sana za umeme) 29,000. Mwaka 1985 ikaja 386, iliyoshughulikia data biti 32 kwa mkupuo, yenye transista 275,000. Kisha zikaja 486 na Pentium. Pentium 4 ya mwaka 2000 ilijengwa kukimbiza gigahezi, ikafika 3.8, na joto likawa kikwazo. Mwaka 2006 Core 2 Duo ya gigahezi 2.4 ikaipita kwa raha, maana ilifanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo la saa na ilikuwa na viini viwili. Tangu hapo gigahezi peke yake haikuambii kitu ukilinganisha vizazi tofauti.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, mwombe muuzaji awashe mashine uone jina lote. Kuanzia kizazi cha 10 tarakimu za kizazi ni mbili, kwa mfano i5-1135G7 ni ya 11. Herufi U mwishoni ni ya kutunza chaji, H ni ya kazi nzito. Ukitaka Windows 11, anzia kizazi cha 8. Ya 7 karibu zote hazimo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubaliwa. Na kama kazi yako ni kuandika na kuperuzi tu, hela ya i7 iweke kwenye SSD (diski ya kasi ya kuhifadhia) na RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea).