Jibu: Vijana wamesoma, kazi ziko wapi?
Ndugu, umeuliza kwa nini nchi inasomesha vijana wengi kisha wanakosa kazi, na kama kosa ni la shule au la utandawazi. Mimi naona tatizo kubwa ni sera ya viwanda.

Itazame Korea Kusini. Vita viliposimama mwaka 1953 ilikuwa maskini sana. Ilijaza watoto madarasani, ndiyo, lakini kuanzia miaka ya 1960 serikali ilivipa viwanda mikopo nafuu kwa sharti gumu: viuze nje ya nchi. Mwaka 1968 ikaanzisha kampuni ya chuma, POSCO, na ingawa Benki ya Dunia iliutilia shaka mradi huo, uzalishaji ulianza 1973. Mhandisi aliyehitimu alikuwa na pa kwenda. Watu husifu shule za Korea na kuvisahau viwanda vyake, na hapo ndipo mjadala hupotea.

Leo njia ile ni finyu. Tangu Shirika la Biashara Duniani (WTO) lianze mwaka 1995, ruzuku zinazotegemea mauzo ya nje zimekatazwa, isipokuwa kwa nchi maskini zaidi na chache nyingine. Jambo hili linaniuma, maana waliofanikiwa zamani hawakubanwa hivyo.

Hata hivyo serikali bado inaweza kununua bidhaa za ndani kwa makusudi, na kuwaita waajiri wakae na vyuo vya ufundi kupanga mitaala. Ningeanza na hilo la vyuo, kwa kuwa halihitaji ruhusa ya mtu yeyote wa nje.